Kaske ya Tata Muamba

Saa kumi na moja alfajiri Kabeya aliamka akiwa amechoka. Alikuwa amelala amechoka vilevile. Aliketi kitandani, akaitazama miguu yake, kama anaiomba imbebe siku moja tena. Nje, mke wake Bilonda alikuwa anapuliza makaa.

"Chai iko tayari," Bilonda alisema. "Kunywa, tuende. Batu ya ku soko habatatungojea."

Zamani soko lilikuwa karibu. Familia yao ilikaa Musonoi, na Bilonda aliuza samaki wakavu hatua chache kutoka mlangoni pake. Lakini shimo la mgodi lilikuwa linakua. Lilikua mwaka huu, likakua mwaka uliofuata. Kuta zikapasuka. Siku moja watu wenye fulana za kampuni walikuja na rangi nyekundu, wakaandika namba ukutani. Kila aliyeandikiwa namba alijua maana yake. Baada ya miezi michache mashine zilikuja, na nyumba ikawa tofali zilizovunjika.

Sasa wanakaa mbali, kwenye viwanja vipya vya barabara ya Fungurume. Nyumba haijaisha. Nusu yake ina paa, nusu inatazama mawingu. Mabati manne waliyoyatoa kwenye nyumba ya Musonoi yanangoja ukutani.

Bilonda hakuacha soko la Musonoi, maana wateja wake wako huko. Kwa hiyo kila asubuhi Kabeya anampeleka kwa pikipiki. Kisha anarudi mjini Kolwezi kutafuta abiria mpaka jioni. Katika mji huu watu kama yeye wanaitwa wewa. Wengine ni vijana wa miaka ishirini. Kabeya ana arobaini na sita, na mgongo wake unadai ana zaidi.

Asubuhi hiyo alivaa kama kawaida. Alivaa koti kinyume, zipu ikiwa mgongoni, ili upepo wa mwezi wa sita usimkate kifua. Alivaa kandambili. Kichwani akaweka kaske. Ndivyo watu wa Kolwezi wanavyoita kofia ngumu.

Kaske yake haikuwa ya pikipiki. Ilikuwa ya mgodi, ya rangi ya njano iliyokwisha kufifia. Pembeni yake paliandikwa namba 417 kwa rangi nyeusi. Ilikuwa ya baba yake, Tata Muamba.

Bilonda alijifunga kitambaa kichwani, akapanda nyuma, na kapu lake la samaki mapajani. Wakaondoka.

Baada ya kumshusha Bilonda sokoni, kwenye parking ya mjini, pale wewa wote wanapongojea abiria, Kabeya alimkuta Stany, mkuu wa chama chao, amesimama juu ya tofali. Stany ni mtu mfupi. Bila tofali watu wa nyuma hawamwoni.

"Musikie!" Stany alisema. "Lundi saa moja, formation ya usalama inaanza ku kiwanja ya paroisse. Siku tatu. Mwenye atamaliza muzuri, atapata gilet na numero. Mwenye hana gilet, hatabeba tena muntu hapa."

Watu walinung'unika: tangu Jumatatu, siku tatu za mafunzo bila kazi, na bila kizibao chenye namba hakuna abiria. Stany aliinua mkono.

"Bado! Mbele ya kuingia, nitaangalia kila moto, kila pikipiki. Freni mbili, retro mbili ya kuangalia nyuma, viatu ya kufunga, kaske ya kweli. Mwenye atakosa kimoja, atarudia kwake. Na formation ingine, mi sijui ni lini."

Kabeya aligonga kaske yake kwa kidole. "Ya mi iko," alisema.

Stany aliitazama. Hakucheka. "Tutaona lundi, tata Kabeya," alisema tu.

Jambo hilo lilimuudhi Kabeya siku nzima. Yeye alikuwa ameendesha lori la mgodini miaka saba, lori lenye magurudumu marefu kuliko mlango. Kisha kampuni ilianguka. Mishahara ilikatika miezi na miezi, halafu wafanyakazi wakapewa karatasi na kuambiwa waende nyumbani. Leo mtu anayehitaji tofali ili aonekane anataka kumfundisha kuendesha pikipiki! Lakini hasira nayo inataka nguvu, na Kabeya hakuwa nazo. Bila gilet hakutakuwa na abiria. Na baada ya mgodi, na baada ya Musonoi, hakujua atafukuzwa wapi tena.

Siku ya Alhamisi jioni alimbeba jirani yake, mama Rachelle. Rachelle ni muuguzi kwenye kituo cha afya cha mjini. Zamani alifanya kazi miaka mitano kule Musumba, akipeleka chanjo vijijini kwa pikipiki, kwenye njia ambazo hata mbuzi hawazipendi.

Mbele yao lilikuwa lori la mawe ya shaba. Vumbi lilikuwa jingi. Kabeya alikuwa ameamka tangu alfajiri, na macho yake yalikuwa mazito. Mara lori likasimama.

Kabeya alikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zake zote. Gurudumu la nyuma lilikwama, likateleza. Pikipiki ikaenda upande, ikaenda mbele, ikaenda tu. Ilisimama gurudumu la mbele likiwa tayari chini ya mkia wa lori.

Hakuna aliyeanguka. Kaske peke yake ilianguka. Iliruka kutoka kichwani, ikabingirika chini ya lori, ikatokea upande wa pili.

Rachelle alishuka polepole. Alikwenda kuiokota kaske, akaifuta vumbi kwa kitenge chake.

"Tata Kabeya," alisema, "juu ya nini hukufinya freni ya mbele?"

"Haiko. Niliitosha mu moto, waya na yote," Kabeya alijibu. "Batu yote banasema freni ya mbele inatupa muntu."

Walipofika mtaani, Rachelle hakwenda kwake. Aliingia uani kwa Kabeya, akavuta kiti, akaketi karibu na Bilonda aliyekuwa anachambua maharagwe.

"Mama Bilonda, leo kidogo tu tufe," alisema. "Ninaomba niseme na tata hapa mbele yako."

"Sema, mama," Bilonda alisema. Mikono yake iliacha maharagwe.

Rachelle alimpa Kabeya kaske. "Vala. Sasa inama, kama muntu mwenye kutafuta kitu pa chini."

Kabeya aliinama. Kaske ilidondoka, ikabingirika mpaka miguuni pa Bilonda.

"Umeinama tu," Rachelle alisema. "Haujaanguka. Siku utaanguka, kaske itakuacha mu njia. Wewe utafika pa chini na kichwa mutupu."

"Baba yangu alitumika kazi nayo miaka makumi mbili mu mine, ndani ya mugodi," Kabeya alisema. "Haikumuacha."

"Ni kweli. Kule ilikuwa ku kazi yake. Mu mine, muntu amesimama, jiwe inatoka juu. Kaske inangojea jiwe. Ku moto hakuna kitu inatoka juu. Ni wewe mwenyewe njo unaenda kupiga jiwe. Unalipiga na sikio, na kidevu, na nyuma ya kichwa. Kaske ya moto inakamata kichwa yote. Inafungwa chini ya kidevu. Na ndani yake kuko mousse, sponji nene, ngumu. Kama unapiga chini, ile mousse njo inapondeka, na kichwa inabakia." Alinyooshea kidole ile ya njano. "Tena plastiki inazeeka. Hii iko na miaka ngapi?"

"Inapita makumi ine."

"Jua imeila yote. Sasa ni kama ganda ya yai. Finya, utaona."

Kabeya aliiokota kaske, akaishika kwa mikono miwili. Hakufinya. "Finya wewe," alisema.

"Hapana," Rachelle alisema. "Haiko yangu ya kubomoa."

Kisha Kabeya akaanza kusema, na alisema akitazama chini.

"Mwaka wa tisini na tatu, wakati walifukuza batu ya Kasai, kama sisi, mu Katanga, tulilala ku gare ya hapa Kolwezi, majuma sita. Tulikuwa tunangojea treni. Baba hakubeba hata kiti. Alibeba hii tu. Tulikuwa tunakunywa maji ndani yake. Tulikuwa tunakula ndani yake. Usiku alikuwa anailalia. Treni ilikuja, tukapanda. Baba akafa mu njia, na homa. Mi nikarudia na kaske."

Rachelle alikuwa ametoka kaskazini mwa Katanga, kwa baba na kwa mama. Hakuna aliyemfukuza mwaka ule. Alikunja pembe ya kitenge chake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mi nilikuwa na miaka kumi na moja," alisema. "Tulikuwa tunapita pale ku gare kila siku, tukienda ku masomo. Niliona bamama banalala pa chini na batoto. Baba alituambia tusiangalie. Hatukubaleteya hata maji."

Kabeya hakuwa na hasira kwake. Alikuwa amechoka tu, na uchovu huo ulikuwa wa miaka ile.

"Njo maana ninakuambia," Rachelle alisema. "Kila siku ninaosha bichwa ya bawewa ku pansement, pale tunafunga bidonda. Bengine habaamuke tena. Sitaki nikuoshe wewe."

Ndipo Bilonda alipofungua mdomo. "Na mi?" aliuliza.

Walimgeukia.

"Mi ninakaa nyuma yake kila asubuhi, na kitambaa ku kichwa. Kitambaa, Kabeya. Miaka minne sasa."

Alisema kwa upole, bila kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Kabeya aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Miaka yote hiyo alikuwa amelinda kichwa chake kwa kofia, hata kama ilikuwa kofia mbovu. Kichwa cha mke wake hakuwahi hata kukifikiria.

"Hatuna kitu ya kununulia," alisema mwishowe.

"Mabati iko," Bilonda alisema. "Ine. Twende na mbili. Nyumba itangojea. Imezoea."

Ijumaa walikwenda sokoni mjini na mabati mawili. Muuzaji wa vifaa vya pikipiki aliyageuza mabati huku na huku, akanuna kidogo kama wauzaji wote, kisha akakubali kubadilishana. Aliwatolea kaske mbili. Moja ilikuwa nyekundu, inang'aa, na picha ya simba imebandikwa pembeni.

"Hii njo ya wakubwa," alisema muuzaji.

Rachelle alikuwa amewafundisha. Kabeya aliingiza mkono ndani, akaipapasa mousse. Akapitisha kucha juu ya picha ya simba. Kucha ilikwama. Alibandua pembe ya picha, na chini yake palikuwa na ufa.

"Hii imekwisha kuanguka," Kabeya alisema. "Imekufa. Simba anafunika kaburi."

Muuzaji alicheka, akairudisha. Alitoa nyingine, nyeusi, haina picha yoyote. Kabeya aliivaa. Ilimbana mashavu kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Akafunga mkanda chini ya kidevu mpaka ukalia *tak*. Kati ya mkanda na shingo vidole viwili viliingia, cha tatu kilikataa. Akainama. Kaske haikutikisika. Bilonda naye alivaa yake, akainama katikati ya soko, na wanawake waliokuwa wanapita wakamshangaa.

"Bashangae," Bilonda alisema.

Jumamosi Kabeya alilitafuta sanduku la vyuma. Waya wa breki ya mbele ulikuwa bado humo, umejikunja. Aliupaka mafuta, akaurudisha mahali pake. Aliweka pia vioo viwili vya pembeni. Alikuwa amevitoa zamani ili apite vizuri katikati ya magari. Kisha walikwenda wote watatu, yeye, Bilonda na Rachelle, kwenye njia nyekundu nyuma ya viwanja, mahali pasipo na watu.

"Freni zote mbili, pamoja," Rachelle alisema. "Usiipige. Anza pole, kisha uzidishe. Muntu anayetupwa ni ule anayeifinya ghafula, na guvernali, ni kusema usukani, imekunjwa. Kwanza nyoosha moto. Angalia mbali. Simama mbele ya kufika ku ile bido."

Alikuwa ameweka dumu tupu la maji katikati ya njia. Kabeya alikuja mbio. Vidole vyake viliogopa breki ya mbele. Akakanyaga ile ya nyuma peke yake, kama alivyozoea, na akalipiga dumu. Likaruka majanini.

"Tena," Rachelle alisema.

Alilipiga tena. Mara ya tatu pia. Dumu lilipasuka pembeni, na Kabeya akazima pikipiki.

"Mi ni muzee," alisema. "Vidole haitaki. Muache lundi bafukuze mi, nimezoea kufukuzwa."

Bilonda alirudi nyumbani kwa miguu. Aliporudi alikuwa na kaske ya njano mkononi. Alikwenda akaiweka katikati ya njia, pale dumu lilipokuwa. Namba 417 ilimtazama Kabeya.

"Bilonda! Unafanya nini?"

"Endesha," Bilonda alisema.

"Ni ya baba!"

"Ninajua ni ya nani. Endesha, Kabeya. Mbele ya ile utasimama."

Kabeya aliitazama kaske muda mrefu. Kisha akawasha pikipiki. Alikuja kwa mwendo uleule. Alinyoosha usukani. Mguu ulikanyaga, na vidole vinne vikafinya, pole, kisha zaidi, kisha zaidi. Pua ya pikipiki iliinama. Gurudumu la nyuma halikuteleza.

Alisimama. Kati ya gurudumu na kaske ya Tata Muamba palibaki urefu wa mkono mmoja.

Hakutupwa. Alibaki ameketi, mikono bado imefinya, na machozi yakamtoka bila yeye kuyaita. Bilonda na Rachelle walijifanya wanatazama majani.

"Tena," alisema Kabeya mwenyewe.

Alirudia mara kumi na mbili, na kaske haikuguswa hata mara moja.

Rachelle alimpa kazi moja ya mwisho. "Kesho ulale," alisema. "Macho ya muntu mwenye kuchoka inachelewa. Alhamisi lori haikusimama ghafula sana. Wewe njo uliiona nyuma ya wakati."

Basi Jumapili, baada ya misa, Kabeya alilala. Wageni walikuja, Bilonda akawaambia tata hayupo. Alikuwepo kabisa. Mlio wake wa kukoroma ulisikika mpaka barabarani, na wageni waliondoka kwa adabu.

Jumatatu saa moja kamili alikuwa kiwanjani. Alivaa viatu vya kufunga na suruali ndefu. Koti alilivaa sawasawa, zipu mbele, na chini yake alikuwa ameweka fulana mbili za kuzuia baridi. Stany alikagua breki moja, akakagua ya pili. Alitazama vioo. Alivuta mkanda wa kaske. Halafu akamtazama Kabeya usoni.

"Ile ya njano iko wapi?"

"Inapumzika," Kabeya alisema.

"Ingia, tata."

Watu sita walirudishwa siku ile. Wanne walikuwa hawana breki ya mbele.

Kwa siku tatu Kabeya alijifunza kukata kona, kuacha nafasi nyuma ya malori, na kumwambia abiria apande akiwa tayari amefunga kaske. Mambo mengine aliyajua. Mengine hakuyajua, na alikubali kwamba hakuyajua. Jumatano alipewa gilet ya kijani, namba 38. Aliivaa palepale, ingawa ilikuwa ndogo kidogo tumboni.

Jioni hiyo alisimama mbele ya kituo cha afya. Rachelle alitoka akiburuta miguu. Siku yake ilikuwa ndefu. Kabeya alimpa kaske ya pili, akangoja mpaka mkanda ulie.

"Inama," alimwambia.

Rachelle alicheka kicheko cha mtu aliyechoka. Akainama. Kaske haikusogea.

"Sasa panda, mama."

Njiani walikuta lori la mawe limesimama kwenye vumbi. Kabeya alikwisha kuliona toka mbali. Alisimama nyuma yake bila haraka, na palikuwa na nafasi ya pikipiki nyingine mbili kati yao. Rachelle alipumua tu.

Nyumbani, nusu ya nyumba bado ilikuwa inatazama mawingu. Bilonda aliwaona wote wawili wakishuka wazima, akainuka. Ndoo ya maji ya kunywa ilikuwa kivulini, na juu yake, kuzuia vumbi, palikuwa pamefunikwa na kaske ya njano. Bilonda aliinua kaske ya Tata Muamba, akachota kikombe cha maji baridi, akampa Rachelle kwanza.

Rachelle alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Alitazama namba 417. Kisha akanywa maji yote.